Gari la Kifahari na Haki ya Maskini

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, katika semina ya Kwaresima

Huenda baadhi yenu mlipokisoma kichwa cha mada hii mlijiuliza kama Tume yetu imepotea njia. Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mipaka ya mashamba, juu ya wajane wanaonyang'anywa nyumba, juu ya mahabusu wanaosahauliwa rumande, na juu ya vibarua wasiolipwa ujira wao. Leo tunataka kuzungumza juu ya magari ya mbio ya thamani kubwa, yale ambayo matajiri huyakusanya na kuyatunza kama vito, na juu ya yale yanayotokea gari la namna hiyo linapotolewa kuwa sadaka kwa maskini.

Tunaomba mtuvumilie. Kwaresima ni majira ya kufunga, kusali na kutoa. Juu ya kufunga na kusali tunafundishwa sana. Juu ya kutoa twaambiwa tu kwamba tutoe. Ni mara chache tunakaa chini na kuichunguza sadaka yenyewe: imetoka wapi, imepita mikononi mwa nani, na imefika wapi. Herufi kubwa husomeka hata kwa mbali. Sadaka ya gari moja lenye thamani ya mamilioni ni herufi kubwa. Tukiisoma vema, tutaweza kuzisoma pia herufi ndogo za sadaka zetu wenyewe.

Wala magari haya si mageni kabisa kwetu. Tangu mwaka 1953, mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalipoanza, wazee wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walisimama kando ya barabara za vumbi na matope kuyatazama yakipita. Datsun 240Z, iliyoshinda mashindano hayo mwaka 1971 na tena mwaka 1973, ilikuwa gari dogo la mbio la jamii hiyo. Watoto walishangilia, gari likapita, vumbi likatua, na kila mmoja akarudi shambani kwake. Swali letu leo ni hili: linapopita gari la tajiri, je, maskini huachiwa nini zaidi ya vumbi?

1. TUONE: Mambo yaliyotokea

Tuanze na mifano ya kweli.

Tarehe 15 Novemba 2017, watengenezaji wa magari ya Lamborghini wa Italia walimkabidhi Baba Mtakatifu Fransisko gari jipya aina ya Huracán, jeupe, lenye mistari ya rangi ya dhahabu, kwa kufuata rangi za bendera ya Vatikano. Baba Mtakatifu alilibariki, akaandika jina lake juu ya boneti, na hakulichukua kwa matumizi yake. Tarehe 12 Mei 2018 lilipigwa mnada huko Monte Carlo, likanunuliwa kwa euro 715,000. Bei hiyo ilizidi sana makisio ya wapiga mnada wenyewe, kwa sababu sahihi ya Papa ilikuwa imeliongezea thamani.

Fedha hizo zilikusudiwa kazi zilizotajwa wazi tangu siku ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kuzijenga upya nyumba za Wakristo wa Uwanda wa Ninawi nchini Iraki, waliokimbia makwao mwezi Agosti 2014 mbele ya wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Ya pili ilikuwa kuwasaidia wanawake waliouzwa na kulazimishwa kufanya ukahaba, ambao hupokelewa na Jumuiya ya Papa Yohane XXIII nchini Italia. Kazi nyingine zilikuwa za vyama viwili vya Kiitalia vinavyohudumu Afrika, hasa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati: kimoja cha madaktari wanaopasua na kutibu mikono iliyolemaa, na kingine kinachowahudumia wanawake na watoto.

Kabla ya hapo kulikuwa na mfano mwingine. Mwezi Januari 2005 kampuni ya Ferrari ilimtolea Baba Mtakatifu Yohane Paulo II gari aina ya Enzo. Kampuni ilikuwa imetengeneza magari 399 ya aina hiyo. Hili likawa la 400 na la mwisho. Iliamuliwa kwamba liuzwe ili kuwasaidia walionusurika mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ambayo yalivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata katika pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Papa alifariki dunia tarehe 2 Aprili 2005. Mwezi Juni gari liliuzwa, tena kwa zaidi ya dola milioni 1 za Marekani.

Kutoka Uingereza tunao mfano wa mtu aliyetoa kwa njia ya wosia. Mwaka 2015 mfanyabiashara mmoja wa huko alifariki dunia, akawa ameacha magari yake mawili aina ya Ferrari, moja la mwaka 1960 na jingine la mwaka 1967, yauzwe kwa manufaa ya RNLI, chama cha mashua za uokoaji kilichoanzishwa mwaka 1824. Mwezi Oktoba mwaka huo magari yote mawili yaliuzwa kwenye mnada mmoja huko Duxford. La kwanza lilipata paundi milioni 6.6, la pili paundi milioni 1.93.

Chama hicho huwategemea zaidi watu wa kujitolea: mvuvi, mwalimu, fundi, ambao kengele ikilia huacha kazi zao na kwenda baharini. Nao huokoa yeyote anayezama. Mwaka 2021 kililaumiwa hadharani na baadhi ya watu kwa sababu kilikuwa kikiwaokoa wakimbizi na wahamiaji waliokuwa wakivuka kutoka Ufaransa katika mashua dhaifu za mpira. Chama kilijibu kwamba kazi yake ni kuokoa maisha, bila kumuuliza mtu ametoka wapi. Watu wengi waliposikia jibu hilo waliongeza michango yao. Yule marehemu hakuchagua nani aokolewe. Aliwaachia mali yake watu wasiobagua. Tumweke moyoni, maana tutarudi kwake.

Mwisho, tarehe 5 Mei 2022 huko Stuttgart, Ujerumani, kampuni ya Mercedes-Benz iliuza gari lake la mbio la mwaka 1955, aina ya 300 SLR, mojawapo ya mawili tu yaliyotengenezwa kwa umbo hilo. Liliuzwa kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililokuwa limepata kuifikia katika mnada. Kampuni ilitangaza kwamba fedha hizo zitaanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana katika mambo ya kuhifadhi mazingira. Gari la pili ilibaki nalo.

2. Zawadi ya Bombay

Mifano hiyo yote ni ya miaka ya karibuni. Lakini ule ambao sisi wa Haki na Amani tungependa mwukumbuke zaidi ni wa zamani, na gari lenyewe halikuwa la mbio.

Mwezi Desemba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI alikwenda Bombay, India, jiji ambalo leo huitwa Mumbai, kuhudhuria Kongamano la Ekaristi la Kimataifa. Katika ziara hiyo alitumia gari kubwa jeupe aina ya Lincoln, lililokuwa zawadi kutoka Marekani. Barabarani aliwaona maskini wa jiji lile kwa macho yake mwenyewe. Alipoondoka hakulichukua gari lile. Alimpa Mama Teresa wa Calcutta kwa ajili ya kazi zake.

Mama Teresa hakulipanda hata mara moja. Wala hakulipeleka kwa tajiri mmoja akamwomba alinunue. Alilichezesha bahati nasibu. Watu wengi walinunua tiketi, kila mtu kwa uwezo wake, na fedha zilizopatikana zilikwenda katika ujenzi wa Shanti Nagar, maana yake Mji wa Amani, makao ya wagonjwa wa ukoma karibu na Asansol. Huko wagonjwa walipata matibabu, nyumba na kazi za kufanya, hata wale waliokuwa wamefukuzwa na jamaa zao wakawa watu wenye anwani.

Tarehe 13 Novemba mwaka huohuo, majuma machache kabla ya safari hiyo, Paulo VI alikuwa ameivua taji yake ya Kipapa na kuiweka juu ya altare ya Kanisa la Mtakatifu Petro kwa ajili ya maskini. Na ndiye aliyeianzisha Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwezi Januari 1967, ambayo kamati zenu na Tume yetu ni matawi ya mti wake. Ofisi hiyo ya Roma iliunganishwa na nyingine mwaka 2017, lakini kazi haikukoma.

Kwa nini tunayaweka mambo haya pamoja? Kwa sababu mtu aliyetoa gari alitambua kwamba kutoa gari hakutoshi. Kama sadaka ingetosha, Paulo VI angeendelea kutoa vitu vya thamani, na asingekuwa na haja ya kuunda tume ya kuuliza kwa nini maskini ni maskini.

3. Gari halikwenda kwa maskini

Sasa tuyatazame mambo hayo kwa jicho la pili.

Jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba katika minada yote hiyo gari lenyewe halikwenda kwa maskini. Lilitoka kwa tajiri likaenda kwa tajiri. Kilichofika kwa maskini ni fedha, na fedha hizo ni kitu chema, maana nyumba ya Ninawi haijengwi kwa injini. Lakini tusijidanganye kwamba hazina imegawanywa. Hazina imehamishwa tu kutoka banda moja kwenda jingine, na katika kuhama kwake imedondosha kitu njiani.

Jambo la pili ni juu ya thamani. Kwa nini gari la mwaka 1955 lifikie euro milioni 135? Si kwa sababu linabeba watu wengi au kulima shamba. Ni kwa sababu yako mawili tu. Vitu vya matajiri hupimwa kwa uchache wake, na vitu vya maskini hupimwa kwa uhitaji wake. Maji ya kisima, dawa ya malaria, daftari la mtoto, vyote hivyo ni rahisi na vinahitajiwa na wengi. Navyo ndivyo vinavyokosekana. Dunia ambamo kitu huzidi kuwa ghali kadiri kinavyohitajiwa na wachache ni dunia ambayo vipimo vyake vina kasoro, na sadaka peke yake haiwezi kuisahihisha mizani hiyo.

Jambo la tatu ni sifa. Mtu akitoa gari la namna hiyo, magazeti huandika. Jina la mtoaji hutajwa, jina la kampuni hutajwa, picha hupigwa. Wanawake waliouzwa hawatajwi, na pengine ni afadhali wasitajwe. Lakini mara nyingi hata jina la kijiji chao halitajwi. Bwana wetu alituonya tusipige tarumbeta mbele yetu tutoapo sadaka. Hatusemi kwamba kila anayetajwa gazetini ametoa kwa ajili ya sifa. Tunasema kwamba tarumbeta ikilia sana, sauti ya maskini haisikiki.

4. Hesabu: kilichotolewa na kilichofika

Wajumbe wa kamati zetu wanajua kwamba mara nyingi haki huanzia kwenye daftari la hesabu. Hapa tunao ushahidi kutoka Marekani ambao unafaa kutufundisha.

Nchini humo mtu akitoa gari kwa chama cha hisani hupunguziwa kodi ya mapato. Kwa miaka mingi mtoaji aliruhusiwa kujikadiria mwenyewe bei ya gari lake kwa kufuata bei za soko. Gari likauzwa mnadani. Dalali akachukua chake, wakala aliyelivuta akachukua chake, mtangazaji akachukua chake. Mwaka 2003 wakaguzi wa hesabu wa Bunge la Marekani walifuatilia magari 54 yaliyotolewa kwa njia hiyo. Katika thuluthi mbili ya magari hayo, chama cha hisani kilikuwa kimepata asilimia 5 au chini ya hapo ya ile thamani ambayo mtoaji aliiandika katika fomu yake ya kodi.

Ndugu, tuifanye hesabu hiyo kwa vidole. Mtu anaandika kwamba ametoa 100. Serikali inampunguzia kodi kana kwamba ametoa 100. Yatima wanapokea 5, pengine pungufu. Na kodi iliyosamehewa ni fedha ambayo ingeweza kusaidia kujenga shule au kutengeneza barabara. Hapo nani amempa nani?

Ndipo sheria ikabadilishwa mwaka 2004, ikaanza kutumika mwaka 2005. Tangu hapo, kama chama kinaliuza tu gari lenye thamani ya zaidi ya dola 500, mtoaji hudai msamaha kwa kiasi kilichopatikana katika mauzo, wala si kwa kiasi alichojikadiria. Lakini kama chama kinalitumia gari hilo katika kazi zake, au kinalitengeneza vizuri, au kinampa maskini mwenye kulihitaji kwa bei ndogo au bure, basi thamani yake kamili huweza kuhesabiwa. Hata sheria ya kodi, ambayo haijui Injili, imefika mahali pa kuuliza: mhitaji alipata nini?

Kwetu pia liko somo la namna hiyo. Nani kati yetu hajapata kuona gari la msaada limeegeshwa chini ya mwembe, limewekwa juu ya mawe, magurudumu hayapo, kuku wanataga ndani yake? Lilipokelewa kwa nyimbo na vigelegele. Hakuna aliyeuliza vipuri vitapatikana wapi, nani atalipa bima, na mshahara wa dereva utatoka mfuko gani. Zawadi isiyoulizwa maswali humgeuza mpokeaji kuwa mlinzi wa vyuma.

Mwezi Mei 2025, baada ya Papa Fransisko kufariki dunia tarehe 21 Aprili, ilitangazwa na shirika la Caritas kwamba gari alilolitumia alipotembelea Bethlehemu mwaka 2014 lilikuwa likigeuzwa kuwa zahanati ya kuwatibu watoto wa Gaza, kwa kufuata matakwa yake mwenyewe. Gari hilo halikupelekwa kwa wanunuzi. Liliwekewa vifaa vya kupimia na kutibia. Hapo walioliandaa walianza na swali la mtoto mgonjwa anahitaji nini, ndipo wakaja kwenye gari.

5. TUAMUE: Mwanga wa Injili

Tuyapeleke sasa mambo haya mbele ya Neno la Mungu.

Katika Injili ilivyoandikwa na Yohane, sura ya 12, tunasoma kwamba huko Bethania Maria alimpaka Yesu miguuni marhamu ya nardo ya thamani kubwa. Yupo mmoja aliyelalamika kwamba marhamu ile ingeuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Maneno yake ni mazuri, tena yanafanana kabisa na hoja ya kuuza gari la kifahari. Lakini Mwinjili anatufahamisha kwamba msemaji alikuwa Yuda, aliyeshika mfuko wa fedha na kuiba kilichotiwa humo. Tangu siku ile Kanisa limeonywa: anayetaja maskini aulizwe pia habari za mfuko.

Katika Injili ya Luka, sura ya 19, tunakutana na Zakayo. Huyu alikuwa tajiri, tena mtoza ushuru mkuu. Siku Yesu alipoingia nyumbani mwake alisema mambo mawili, nasi tukisoma haraka huyachanganya yakawa moja. La kwanza, nusu ya mali yake atawapa maskini. La pili, kama amemdhulumu mtu kitu chochote, atamrudishia mara nne. La kwanza ni sadaka. La pili ni haki. Zakayo hakusema kwamba kwa kuwa ametoa nusu ya mali yake, basi wale aliowadhulumu wasahau. Alijua kwamba maskini wa mjini Yeriko na mtu aliyemtoza ushuru kupita kiasi ni watu wawili tofauti, na kwamba kumpa mmoja hakulipi deni la mwingine. Wahenga wetu walisema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni sadaka.

Hapa ndipo ulipo moyo wa mada yetu, nasi tunaomba mlibebe neno hili mpaka nyumbani: sadaka haifuti deni la haki.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Utume wa Walei, ulifundisha kwamba madai ya haki hayana budi kutimizwa kwanza, ili kisitolewe kama zawadi ya mapendo kile ambacho mtu anastahili kukipata kwa haki. Tena kwamba ziondolewe sababu za mabaya na si matokeo yake tu. Mwaka 1967, katika barua yake juu ya maendeleo ya watu, Papa Paulo VI alikumbusha fundisho la Mtakatifu Ambrosi kwamba tajiri ampapo maskini hagawi mali yake, bali humrudishia maskini iliyo yake. Ni Papa yuleyule wa gari la Bombay. Alitoa kwanza, ndipo akafundisha.

Naye Papa Fransisko alifuata nyayo hizo. Mwezi Julai 2013 aliwaambia vijana waliokuwa wakijiandaa kwa upadre na utawa kwamba humwuma moyo kumwona padre au sista katika gari la aina mpya kabisa. Waliokuwa Nairobi mwezi Novemba 2015 walimwona akipita katika gari dogo la kawaida aina ya Honda. Na tarehe 27 ya mwezi huo, katika kitongoji cha Kangemi, hakuwaambia watu wa pale kwamba atawatafutia wafadhili. Alisema juu ya maji safi kuwa haki ya kila mtu, juu ya ardhi iliyogawanywa pasipo haki, na juu ya wale wanaothubutu kutwaa hata viwanja vya kuchezea vya shule za watoto wao. Miaka miwili baadaye alitia sahihi juu ya boneti ya Lamborghini. Mkono uliotia sahihi ulikuwa wa mtu aliyekwisha kusema ukweli juu ya haki; ndiyo maana sahihi ile haikuwa pambo.

6. TUTENDE

Tufanye nini basi? Hatutarajii kwamba kesho mtu atatuletea Ferrari. Lakini ng'ombe wa mnada wa mavuno, bati za kanisa, kiwanja cha zahanati, bahasha nene ya harambee, hayo yote ni magari yetu ya kifahari. Kwa hiyo Tume inapendekeza mambo manne.

Kwanza, kwa mtoaji. Kabla ya kuleta kitu madhabahuni, ajiulize kama yuko mtu anayemdai. Mtumishi wa ndani ambaye mshahara wake umecheleweshwa miezi mitatu, jirani ambaye mpaka wake umesogezwa, ndugu yatima aliyenyimwa urithi: hao walipwe kwanza. Mtume Yakobo anasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Kelele hizo hazizimwi na ngoma ya matoleo.

Pili, kwa mpokeaji. Tusione haya kuuliza. Tuulize mali imetoka wapi, inatolewa kwa sharti gani, na kuitunza kutagharimu kiasi gani. Kiongozi wa parokia anayekataa kwa adabu zawadi yenye kamba mkiani hajamkosea Mungu. Amewakinga watu wake.

Tatu, kwa wote wanaoshika mfuko. Kila kinachopokelewa kwa jina la maskini kiandikwe, na hesabu yake isomwe mbele ya waamini: kiasi kilichopatikana, gharama zilizotolewa, kiasi kilichofika, na kimefanya kazi gani. Tusiridhike kusoma bei ya mnada tu.

Nne, kwa kamati zetu. Mahali tunapopeleka sadaka, tupeleke pia swali. Tukimpa mjane unga, tuulize shamba lake liko wapi. Tukimlipia mtoto ada, tuulize kwa nini baba yake, anayefanya kazi kutwa, hawezi kuilipa. Wanawake waliosaidiwa na fedha za Monte Carlo walihitaji kitanda na chakula. Walihitaji pia wale waliowauza washtakiwe. Na watu wa Ninawi walihitaji nyumba. Walihitaji pia usalama wa kukaa ndani yake.

Ndugu wapendwa, wasidhani wenye mali kwamba tumewatukana. Tulisema tutarudi kwa yule mzee wa Uingereza. Magari yake aliyapenda. Mtu hatunzi kitu namna ile pasipo kukipenda. Naye alijua kwamba hawezi kuondoka nacho duniani. Aliyaacha kwa watu wanaoingia baharini usiku kumtafuta mtu wasiyemjua. Hakuweka sharti kwamba aokolewe mwenye pasi ya nchi yake tu. Sadaka ya namna hiyo tunaiheshimu, maana imejiunga na haki badala ya kuiziba mdomo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo hupimwa kwa kile unachokiachilia na kwa wale unaowakubali.

Yesu alipomwambia yule kijana tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini, hakuishia hapo. Alimwita aje amfuate. Mauzo yalikuwa mlango tu. Njia ilikuwa mbele. Nasi Kwaresima hii tutoe, tena tutoe vizuri. Kisha tuinuke tufuate, mpaka tufike pale ambapo mtu hangojei mnada wa tajiri ili apate maji, paa na ujira wake.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu ambaye sisi, au mmoja wetu, tunadaiwa naye kwa haki huku tukiendelea kutoa sadaka kanisani?

2. Zawadi kubwa ya mwisho iliyopokelewa katika parokia yetu ilikuwa nini? Tunajua ilikotoka? Tunajua imewafikia akina nani?

3. Zakayo alitenganisha sadaka na malipo ya dhuluma. Sisi huyachanganya mambo hayo kwa namna gani?

4. Tuchague tatizo moja la maskini wa eneo letu ambalo tumekuwa tukilitibu kwa sadaka tu. Sababu yake ni nini, na ni hatua gani moja tunayoweza kuichukua kabla ya Pasaka?

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.